Sura ya Sita: Je, Mungu ni Mwanamume?

Katika maswali ambayo Mkristo akaaye miongoni mwa Waislamu huulizwa kwa nia njema, hakuna lirudilo mara nyingi kama hili: madhali ninyi mnamwita Mwenyezi Mungu Baba, basi mwasema kwamba Yeye ni mwanamume, na kama ni mwanamume, naye ana Mwana, je, mama ni nani? Pale Sericho, upande wa mashariki wa kaunti ya Isiolo, ambako mto wa Ewaso Nyiro unaelekea kupotelea katika kinamasi cha Lorian, wenyeji wengi ni Waborana, nao takriban wote ni Waislamu. Na Wakristo walioko huko aghalabu ni walimu, wauguzi, askari na watumishi wengine wa serikali waliohamishiwa kutoka pande nyingine za Kenya. Swali hilo basi huulizwa barazani, watu wakinywa chai, na anayeulizwa, akiwa hajapata kulifikiri maishani mwake, hukimbilia kusema kwamba hiyo ni siri ya imani, jawabu ambalo halimtoshi muulizaji, wala halimtoshi yeye mwenyewe akishafika nyumbani.

Swali hilohilo huja kwa njia ya pili, na safari hii huletwa na Wakristo wenyewe. Februari 2023 zilienea habari kwamba Kanisa la Uingereza lilikuwa likianza kutafakari kama yafaa kumtaja Mungu katika ibada kwa maneno yasiyo ya kiume, na wasomaji wetu wengi walishangaa: wanagombea nini hao? Kwani sisi tukisema “Yeye ametuumba” tumesema mwanamume au mwanamke? Mshangao huo ni wa haki, nao ndio mlango mzuri wa kuingilia maneno haya.

Maneno mawili ya kufahamu kwanza

La kwanza ni kiwakilishi, yaani neno fupi tunalolitumia mahali pa jina ili tusilirudierudie, kama vile “yeye”, “wewe” na “wao”. La pili ni jinsia ya sarufi, yaani desturi ya baadhi ya lugha kuyagawa majina yote katika mafungu ya kiume na ya kike, hata majina ya vitu visivyo na mume wala mke. Mwarabu hulitaja jua kwa kike na mwezi kwa kiume. Mfaransa akafanya kinyume chake, jua likawa la kiume na mwezi wa kike. Na wala Mwarabu wala Mfaransa hadhani kwamba jua lina ndevu au lina ushungi. Ni kawaida ya lugha tu, waliyoirithi kwa wazee wao.

Kiswahili hakina mgawanyo huo. Sisi twawagawa viumbe na vitu kwa ngeli, na ngeli ya watu haiulizi kama mtu ni mume au mke: “amekuja” ni amekuja, awe Fatuma, awe Juma. Kwa hiyo tusomapo Biblia kwa Kiswahili, kiwakilishi hakituambii lolote juu ya jambo hili, na mtu aweza kuisoma kutoka Mwanzo hadi Ufunuo asipate kujua kwamba katika lugha za asili palikuwa na swali.

Mto mmoja, majina mawili

Walakini Sericho si mahali pa Kiswahili peke yake, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Kiborana, ambacho ni tawi la Kioromo, hutenga mume na mke katika kiwakilishi na hata katika kitendo chenyewe: mwanamume akija husemwa *inni dhufe*, na mwanamke akija husemwa *isiin dhufte*. Mungu huitwa Waaqa, jina ambalo pia ni la mbingu, nalo katika sarufi ni la kiume. Sasa mfikirie mkalimani, yaani mtu ageuzaye maneno ya mhubiri papo hapo kutoka Kiswahili kwenda Kiborana: mhubiri asema “Yeye alikuja kwetu”, asiwe amechagua kitu, na mkalimani kabla hajafungua kinywa amekwisha kulazimika kuchagua, *dhufe* au *dhufte*. Atachagua la kiume, maana jina Waaqa lamwamuru hivyo. Na msikilizaji atapokea neno ambalo msemaji hakulisema.

Panda sasa mto huohuo kuelekea magharibi, hadi pande za Archer's Post waliko Wasamburu. Wao ni ndugu wa Wamasai kwa lugha, na Mungu wao humwita Nkai, kama Wamasai wamwitavyo Enkai. Na ile herufi ya mwanzo ni alama ya jinsia ya kike katika lugha yao. Jina hilo, kama lile la Waborana, hutaja mbingu, hutaja na mvua. Wakikuyu na Wakamba walilitwaa wakasema Ngai, na kwa kuwa lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili, uke wa jina ukaachwa njiani. Basi tazama: maji yaleyale ya Ewaso Nyiro yananywesha mifugo ya watu wamwitao Mungu kwa jina la kike, kisha yanateremka yakanyweshe mifugo ya watu wamwitao kwa jina la kiume, na wote wawili waomba mvua na amani kwa Muumba mmoja wa mbingu. Lau jinsia ya sarufi ingalikuwa ni habari ya dhati ya Mungu, yaani habari ya vile alivyo hasa, ingalitubidi kusema kwamba Mungu hubadilika jinsia njiani, kabla mto haujafika kwa Waborana.

*Kwa ufupi:* kiwakilishi cha kiume ni hukumu ya lugha juu ya jina. Si shahada juu ya aliyetajwa kwa jina hilo.

Mayahudi na lugha ya Taurati

Kiebrania, lugha ya Taurati na Manabii, ni jamaa ya Kiarabu, nayo hutenga mume na mke katika kila jambo: *hu* ni yeye mwanamume, *hi* ni yeye mwanamke, hata neno “wewe” lina namna mbili. Haina jinsia ya tatu, kwa hiyo nabii akitaka kumtaja Mungu hana budi kushika moja katika mbili, na manabii walishika ya kiume. Jina Elohim, litumikalo katika mlango wa kwanza wa Mwanzo, lina umbo la wingi, na kitendo chake ni cha umoja na cha kiume. Neno hilohilo, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, linatumika kwa Ashtorethi, mungu wa kike wa Wasidoni, kwa sababu Kiebrania cha wakati ule hakikuwa na neno mahsusi la mungu wa kike. Umbo la kiume, basi, liliweza kubeba hata asiyekuwa mume.

Lakini Taurati haikuachia sarufi peke yake kusema. Katika Kumbukumbu la Torati Musa anawakumbusha watu kwamba pale Horebu hawakuona umbo lolote, na kwa hiyo wasijifanyie sanamu yoyote, ya mume wala ya mke. Na Hosea anamsikia Mungu akikana kuwa mwanadamu. Halafu, kana kwamba ili kuwaonya wale ambao wangeukana uanamke na kuuacha uanaume ubaki, Maandiko yanamfananisha Mungu na mama mara nyingi kuliko vile mimbari zetu zinavyotufahamisha. Msomaji mwenye Biblia karibu na aifungue:

- Isaya 42:14, Mungu apiga kelele kama mwanamke mwenye utungu wa kuzaa.
- Isaya 49:15, anajipima na mama anyonyeshaye, akasema kwamba hata mama akisahau, Yeye hasahau.
- Isaya 66:13, anaahidi kuwafariji watu wake jinsi mama amfarijivyo mwanawe.
- Kumbukumbu la Torati 32:18, Mwamba aliyewazaa Waisraeli, na mojawapo ya vitendo vilivyotumika hapo katika Kiebrania ni kile cha utungu.
- Hosea 13:8, dubu jike aliyenyang'anywa watoto wake.
- Hesabu 11:12, Musa anayelalamika mbele ya Mungu, akiuliza kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa hata abebeshwe kazi ya mlezi. Na swali lake halina maana ila kama Mungu ndiye aliyewazaa.

Katika hizo napenda kukaa juu ya ile ya 42, kwa maana ndiyo isiyotajwa. Mstari uliotangulia unamwonyesha Mungu kama shujaa aendaye vitani, apigaye ukelele wa vita. Na bila ya kituo, mstari ufuatao unageuka, na ukelele ule unakuwa wa mwanamke katika uzazi, ahemaye na kutweta. Nabii hakuona haya kuyaunganisha mawili hayo katika pumzi moja. Aliyepata kungoja nje ya nyumba usiku wa kujifungua, hospitali ikiwa mbali na gari halipatikani, kama iwavyo mara nyingi katika nchi kavu ya Sericho, hahitaji mwalimu wa kumwambia ni nguvu gani nabii aliyokuwa akiitafutia mfano.

Wanachuoni wa Kiyahudi walilitia jambo hili katika hoja. Mkubwa wao, Musa bin Maimun, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 akafa Misri mwaka 1204, aliandika kwa Kiarabu, kwa herufi za Kiebrania, kitabu cha kuwaongoza waliotatizika, na ndani yake akafundisha kwamba Mungu hana mwili, na kila neno la Maandiko linalompa mkono, jicho au kiti ni neno la kutukaribishia maana sisi tulio na miili. Kisicho na mwili hakina jinsia. Hapo Bin Maimun hana mzaha. Wengine, hasa wale wa ilimu ya siri iliyostawi Uhispania katika karne ya 13, walikwenda njia nyingine: waliitazama Shekina, yaani kukaa kwa Mungu miongoni mwa watu wake, neno la kike lililo na asili moja na neno letu “maskani”, wakaizungumza kama upande wa kike wa ufunuo wa Mungu. Njia hizo mbili hazifanani, na Mayahudi wamezishika zote.

Karibu nasi wako Abayudaya wa Uganda, jamaa ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale mwaka 1919. Hao husali kwa Kiebrania na kwa Kiganda. Katika Kiebrania humwambia Mungu *atah*, “wewe” wa kiume. Wakigeuka upande wa Kiganda husema *ggwe*, “wewe” asiyeulizwa jinsia yake, kama ilivyo kwetu. Mambo ambayo wenzao wa Marekani waliyapigania miaka mingi, hata vikatoka vitabu vya sala kama kile cha mwaka 2007 cha Mayahudi wa madhehebu ya Marekebisho, ambacho kwa Kiingereza kinaepuka kiwakilishi cha kiume na kinawataja Sara, Rebeka, Lea na Raheli pamoja na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, kwa mkulima wa Mbale yanatimia nusu yake kwa kugeuza lugha tu.

Wakristo: Baba, Mwana, na Roho asiyekaa katika jinsia moja

Yesu alimwita Mungu Baba, na hapana haja ya kulipunguza neno hilo. Walakini yeye mwenyewe alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mbawa zake, na katika mlango wa 15 wa Luka alitoa mifano mitatu mfululizo ya Mungu atafutaye kilichopotea: mchungaji na kondoo wake, mwanamke na sarafu yake, baba na mwanawe. Yule mwanamke anawasha taa, anafagia nyumba, anatafuta kwa bidii mpaka aipate. Mahubiri juu ya mchungaji ni mengi kama mchanga; juu ya baba na mwana mpotevu ni mengi zaidi. Juu ya mwanamke mwenye ufagio nimesikia machache mno, na hiyo si bahati mbaya tu, ni mazoea yetu sisi tuhubirio, tupendao kumwona Mungu pale tu tunapojiona wenyewe.

Ama Roho Mtakatifu, yeye ndiye hoja iliyo dhahiri kupita zote. Kwa Kiebrania neno *ruah* aghalabu ni la kike. Kwa Kiyunani, lugha ya Injili, *pneuma* si la kiume wala la kike. Kwa Kilatini *spiritus* ni la kiume. Na kwa Kiswahili roho ni ya ngeli ya vitu, “roho yangu imetulia”, ila tukimtaja Roho Mtakatifu twambadilishia ngeli, tukasema “ameshuka”. Roho ni mmoja. Jinsia zilizomvika ni nyingi. Wakristo wa kale wa Mashariki, waliosali kwa Kisiria, walimtaja Roho kwa kike kwa muda mrefu, na Afrahati, mwanachuoni wa Uajemi wa karne ya 4, aliandika juu ya Mungu kuwa baba na Roho Mtakatifu kuwa mama, wala hakuhesabiwa mzushi.

Katika karne hiyohiyo, mwaka 380, Gregori wa Nazianzo alisimama Konstantinopoli akawadhihaki wale waliodhani kwamba Mungu ni mume kwa sababu jina lake ni la kiume. Kwa hesabu hiyo, aliwaonyesha, Uungu utakuwa mke, kwa kuwa neno lake ni la kike, na Roho hatakuwa kitu chochote. Kanisa Katoliki katika katekisimu yake ya mwaka 1992, yaani kitabu cha mafundisho ya imani, linatamka wazi kwamba Mungu si mwanamume wala si mwanamke. Naye Papa Yohane Paulo wa Kwanza, aliyekaa katika kiti chake siku 33 tu, aliwaambia watu mnamo tarehe 10 Septemba 1978 kwamba Mungu ni baba, na zaidi ya hapo ni mama, akitegemea maneno ya Isaya.

*Kwa ufupi:* mafundisho ya Mayahudi na ya Wakristo hayajapata kumtia Mungu katika uanaume. Kilichofanya hivyo ni fikira za waumini.

Mlango wa pili: neno “Bwana”

Hapa Mswahili asijipongeze upesi. Kweli “yeye” yetu haina jinsia, lakini uanaume ukifungiwa mlango mmoja huingia kwa mwingine, na kwetu mlango huo ni majina ya heshima. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, iliyounganisha kazi za Mombasa na Unguja, ilitumia BWANA mahali pa lile Jina la herufi nne ambalo Mayahudi hawalitamki. Bwana ni mwenye mamlaka. Lakini bwana pia ni mume wa mtu. Sikiliza hotuba za harusi, utamsikia msemaji akiteleza kutoka kwa Bwana wa mbinguni hadi kwa bwana wa nyumba bila ya kutua, hata bibi arusi anatoka kanisani akiwa amefundishwa kwamba kumtii mumewe na kumcha Mungu ni jambo moja. Huo ni udhalimu uliovikwa kanzu ya ibada, nami nausema bila ya kificho, kwa sababu wako wanawake waliovumilia kipigo wakidhani wanamvumilia Mungu. Isaya, aliyemsikia Mungu akitweta kwa utungu, hakuwapa waume hoja hiyo.

Wafasiri wetu wa kwanza si wa kulaumiwa. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi, na nia yake hasa ilikuwa kuwafikia Waoromo kwa njia ya pwani. Huko akajifunza Kiswahili na kutafsiri Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Biblia nzima ya Kioromo ilikuja kupigwa chapa huko Uswisi mwaka 1899, kazi ya Onesimos Nesib, ambaye utotoni alitekwa na kuuzwa utumwa, na ya Aster Ganno, mwanamke aliyeokolewa vivyo hivyo katika utumwa, ambaye hazina yake ya maneno na hadithi za Kioromo ndiyo iliyoitajirisha lugha ya tafsiri ile. Sauti ya mwanamke, basi, imo katika Biblia hiyo toka mwanzo, hata pale sarufi ilipomlazimisha amtaje Mungu kwa *inni*.

Sasa, ajibu nini yule mwalimu wa Sericho?

Kwanza, na akubaliane na jirani yake pale palipo na makubaliano: Mungu hana mke, hakuzaa kwa njia ya mwili, wala hakuna Mkristo mwenye ilimu ya dini yake aliyesema kinyume cha hayo. Qurani nayo humtaja Mungu kwa *huwa*, kiwakilishi cha kiume cha Kiarabu, na mtoto wa madrasa aisomaye kila jioni hajapata kudhani kwamba Mola wake ni mwanamume. Basi jirani naye na ampe Mkristo heshima hiyohiyo ya kufahamiwa. Pili, na aeleze kwamba Baba, kwa Wakristo, ni neno la uhusiano: Yesu alitaja yule ambaye kwake ametoka na kwake anarudi, na akawafundisha wanafunzi wake wamwendee kwa matumaini yaleyale. Tofauti ya imani itabaki, tena ni kubwa. Lakini itakuwa tofauti ya kweli, si ya kubuniwa na sarufi.

Wengine wataniuliza kama yafaa kusali “Mama yetu uliye mbinguni”. Kwa maoni yangu sala aliyoifundisha Yesu na isaliwe kama alivyoifundisha, kwa kuwa jina si mali yetu hata tulibadilishe. Bali katika dua zake mwenyewe, mtu aliyelelewa na mama peke yake, na ambaye neno baba linamrudishia hofu, ana ruhusa kamili ya Isaya kumwendea Mungu kama mtoto amwendeavyo mamaye. Na mkalimani wa Kiborana aendelee na *inni*, kwa maana lugha yake haimpi njia nyingine; ila Jumapili ambayo somo ni la Isaya 42, asimruhusu mhubiri aishie mstari wa 13.